Kikwembe Cheusi cha Depo

Misumari bado iko.

Majuzi nilishuka Cyangugu kumsalimia Mama, na mchana mmoja tukatembea mpaka ufukoni, kwenye lile jengo refu la mawe ambalo sisi tulizoea kuliita Depo. Siku hizi ni nyumba ya wageni. Wameipaka rangi ya maziwa, wameweka viti vya plastiki na miavuli, na mambo yote ni kimyakimya, utadhani kuna mgonjwa ndani. Lakini juu ukutani, upande unaotazama ziwa, ile misumari mikubwa ya Papa, baba yangu, imebaki palepale, imepakwa rangi pamoja na ukuta. Nikamwuliza kijana aliyetuletea Fanta kama anajua ni ya kazi gani. Akainua macho, akaikunjia uso.

"Pengine ni ya antena," akasema.

Mama alicheka mpaka Fanta ikampalia. Antena! Vuta kiti, rafiki yangu, nikueleze habari za hiyo antena.

Zamani sana Depo lilikuwa ghala la kahawa. Vita vya Rwanda vilipokwisha, kahawa haikuwapo tena, ila harufu yake iligoma kuhama; mvua ikinyesha ungesema kuna mtu anakaanga kahawa darini. Papa na Mama ni Wanyarwanda waliokulia Bukavu, Kongo, ng'ambo ya ziwa, na mimi nilizaliwa hukohuko. Papa aliposema tunarudi nyumbani, mimi nilikujua huko "nyumbani" kwa nyimbo tu. Tukapata nyumba huku chini, karibu na maji. Shuleni Kinyarwanda changu kilichechemea, na wenzangu hawakunionea huruma hata kidogo. Nikifungua mdomo, darasa zima linacheka. Nikajifunza kunyamaza, mimi niliyekuwa na mdomo kama kasuku!

Ndipo akaja Maman Directrice, yaani Mama Mkurugenzi, ndivyo tulivyomwita. Alikuwa mwalimu wa shule, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili. Aliomba apewe lile ghala, akakusanya rafiki zake, wakaanzisha chama cha kufundisha watoto ngoma, uchoraji na maigizo. Hakikuwa chama cha biashara, wala cha kanisa, wala cha serikali. Jirani yetu jambo hilo lilimsumbua kweli. "Habauzishe kitu, habahubiri, sasa beko banafanya nini mule?" alikuwa akimwuliza Mama kila wiki. Watoto tulitoka kila upande: waliozaliwa Kongo kama mimi, waliokuwa hapa muda wote, waliotoka makambini. Maman Directrice alikuwa na amri moja tu, na aliirudia akiwa amesimama mlangoni na ufagio: "Viatu na maulizo bibaki inje!" Basi tuliingia miguu mitupu, na hakuna aliyemwuliza mwenzake ametoka wapi.

Papa alikuwa seremala, akaitwa kujenga jukwaa. Siku moja Mama alinituma nimpelekee chakula, bugali na sombe ya majani ya muhogo na visambaza vya kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilipoingia, wasichana walikuwa wanacheza, mikono juu kama pembe za ng'ombe, na mwalimu mmoja wa ngoma akiwapigia mdundo kwa viganja juu ya ubao wa Papa mwenyewe. Chakula nilikiweka wapi, sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba nilikuwa katikati yao, na hakuna aliyecheka. Miguu haina lafudhi, bwana! Papa alikula bugali baridi siku ile, tena alikula akitabasamu.

Mwalimu wa ngoma alitokea Bweyeye, kule kando ya msitu, na kwa kuwa njia ilikuwa mbaya, alikaa nasi wiki nzima ndipo arudi kwao. Mtu mwembamba, hakujua kusifu. Ukicheza vibaya anasema "Hm." Ukicheza vizuri anasema "Hm," lakini fupi zaidi. Na alikuwapo Fundi, Mzee wa Kiislamu kutoka Kamembe, aliyetushonea mavazi. Kofia yake ya kufuma haikutoka kichwani, pini hazikutoka mdomoni, kwa hiyo maneno yake yote yalipita kati ya pini na tulijifunza kuyaelewa. Saa ya swala ikifika, ngoma zote zilinyamaza, hata Mwalimu aliacha kugonga meza kwa vidole. Wakati wa Ramadhani, sisi tukitafuna mahindi ya kuchemsha mbele yake, alitupungia mkono: "Kuleni, kuleni, batoto. Mimi nitakuja kulipiza jua likizama."

Hao ndio walikuwa watu wangu. Lakini kulikuwa na mtu mmoja niliyetaka anione nikicheza kuliko wote, na mtu huyo alikuwa ng'ambo ya maji.

Koko, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, alikuwa mama yake Mama. Aliingia Kongo akiwa msichana, akikimbia, Mama akiwa mgongoni. Alijenga nyumba yake Nguba, upande wa Bukavu unaotazamana kabisa na sisi, na siku Papa alipotangaza kurudi Rwanda, Koko alisimama uani akamwambia mbele za watu: "Mimi nilikimbia mara moja. Kurudi nako ni kukimbia, sitoki. Na weye unayemuchukua mutoto wangu, sikia muzuri: muguu wangu hautakanyaga kwako." Na kweli haukukanyaga. Tangu siku ile hakumtaja Papa kwa heshima ya ukwe wala kwa jina. Alimwita Ule wa Mbao. Tukienda kumwona, alitujazia vikapu vya ndizi na kutuambia, "Mumupe na Ule wa Mbao, asikufe njaa." Papa alikula zile ndizi kimya. Mambo hayo yalimkata Mama vipande viwili, maana kila mmoja wao alikuwa wake.

Tena, kwenda kwenyewe kulikuwa kwa bahati. Vita vilivuka daraja vikaingia Kongo, na bariyeri ya mpakani ikawa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa baa. Simu hatukuwa nazo. Lakini Koko hakuwa mjinga. Siku tuliyohama alitoa vikwembe viwili vipya, vile vitenge vya kujifunga, kimoja cha njano chenye ndege, kimoja cheusi tii, akavikata kila kimoja nusu kwa nusu. Nusu zake, nusu zetu.

"Kila asubui mutatundika ya njano, na mimi nitatundika yangu," alisema. "Nitajua mumeamuka. Ile nyeusi ni ya siku ya kilio. Mwenye kuiona anakuja, hata kama kuna masasi ya vita."

Hebu fikiria, rafiki yangu: asubuhi zangu zote za utoto zilianza hivyo. Kabla ya kuwasha babula, jiko letu la mkaa, kabla ya kuchemsha chai, Mama alitoka nje na shuka lake mabegani, akatazama ng'ambo. Kulipokuwa na milio ya risasi usiku uliopita, hakuna aliyethubutu kuomba chai. Halafu doa la njano linatokea pale juu ya ua wa Koko, na sisi watoto tunapiga kelele, "Koko katundika!" na mkaa unawashwa. Kuna siku Koko alichelewa makusudi, nadhani kwa ubishi tu. Mama alimgombeza kupitia ziwa zima, utasema anasikia.

Sasa Maman Directrice akataka onyesho kubwa, na onyesho kubwa halifai bila rido, pazia la jukwaani. Kitambaa hakikuwapo. Akaomba kila mama alete kikwembe kimoja asichokihitaji. Lo, vilivyoletwa! Vya kanisani, vya harusi, vya samaki, vya miavuli. Kimoja kilikuwa na picha ya rais ambaye siku hizo haikufaa kumtaja. Fundi akamshona miguu juu kichwa chini, kisha akaona haitoshi, akamfunika na kipande chenye makuku. Na Mama akafungua sanduku, akatoa kile cheusi.

"Siku ya haja tutafanya namna gani?" Papa alimwuliza.

"Siku ya haja isikuje," Mama akajibu. "Nimechoka kulala na hii kitu ndani ya nyumba. Iende ku rido, batoto baichezee."

Fundi alikipenda mno. Kilikuwa kipya, kipana, hakijafuliwa hata mara moja. Akakiweka katikati kabisa, na vile vingine vyote vikakizunguka.

Siku moja kabla ya onyesho tukajaribu kuvuta rido. Vumbi la kahawa la miaka yote lililokuwa darini likaamua kushuka siku hiyo. Tulipiga chafya mpaka tukakaa chini. Fundi akatema pini akasema, "Hii rido haiwezi. Watu batapiga chafya mpaka Gashonga." Asubuhi hiyohiyo tukaiburuta ziwani, tukaikanyagakanyaga majini kwa mdundo wa Mwalimu, tumeshikana mabega, sabuni mpaka puani. Maji ya ziwa asubuhi ni baridi hasa, na hakuna aliyetaka kutoka. Kisha ikahitaji mahali pa kukaukia. Uani palikuwa na ngoma zinazoota jua. Ikabaki ukuta wa upande wa ziwa. Maman Directrice na Fundi waliishi Kamembe juu, mambo yetu ya vikwembe hawakuyajua. Mama alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa naondoa sabuni masikioni. Na aliyepanda ngazi na kofia yake nyekundu ya kila siku, akapigilia misumari na kuitandaza rido yote wazi, cheusi katikati, ikitazama Nguba moja kwa moja, alikuwa nani? Papa! Akili yake yote ilikuwa kwenye misumari. Akashuka, akapangusa mikono, akaingia ndani kukaza mbao chini ya jukwaa.

Mchana tukiwa kwenye majaribio ya mwisho, tukasikia kilio.

Kilitoka upande wa bariyeri, kikapanda, kikaja. Sauti za wanawake, nyingi, zile sauti za matanga ambazo hakuna mtu wa huku asiyezijua. Tukakimbilia mlangoni. Nikamwona Koko. Koko wangu, aliyeapa, anakuja barabarani bila viatu, kitambaa cha kichwa mkononi, na nyuma yake wanawake wa kundi lake la maombi, mmoja na unga kichwani, mwingine na maharage, mwingine na sufuria, kama desturi ya kwenda msibani. Kutoka darajani lazima upite Depo ndipo ufike kwetu, na alipoona watu wengi mlangoni akajua msiba uko hapo.

Mimi nilijua nini? Nilifikiri ameleta habari ya kifo kutoka Bukavu. Nikaanza kulia. Wasichana waliponiona nalia, wakalia. Maman Directrice, ambaye hakumjua hata mmoja wa wale wanawake, akajifunika uso akalia kwa ile sauti yake ya vilima viwili. Basi tukalia sote, wa huku na wa kule, kila upande ukidhani upande wa pili ndio wenye maiti. Hata Mwalimu alivua kofia.

Na kwa kuwa hakujua nani amekufa, Koko alianza na aliyemwona wa karibu zaidi na kifo. Wakati wa vita, wanaume ndio hutangulia.

"Mukwe wangu eee!" alilia, akishika nguzo ya mlango. "Mukwe wangu muzuri! Mutu wa kazi! Nani atanipigia tena misumari ya bati langu? Nilikuita Ule wa Mbao, na weye ulikula ndizi zangu bila kusema neno! Mimi ndiye nilikuwa na kichwa ngumu, Mungu anajua! Ulimurudisha mutoto wangu kwao, ulifanya muzuri, na mimi sikukuambia!"

Chini ya jukwaa, nyundo ilikuwa imenyamaza zamani. Papa alitueleza baadaye kwamba kwanza alijishika kifua kuhakikisha. Kisha akaona kwamba tangu aoe hajawahi kusikia sifa zake, na atatokaje sasa, wakati zinaanza kunoga? Alikaa huko mpaka magoti yakamkataa. Alipotokeza hatimaye, alikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia kofia mpaka vidole.

Wanawake wa maombi walipiga ukelele ambao nadhani ulisikika bariyeri. Sufuria ikaanguka. Koko alikaa ghafla juu ya mfuko wa unga.

"Muzimu!" akasema.

"Hapana, Mabukwe," Papa akajibu, akainamisha kichwa kama inavyompasa mkwe. "Niko muzima."

"Sasa nani alikufa?"

Tukatazamana. Maman Directrice akamtazama Fundi, Fundi akamtazama Mwalimu. Hakuna aliyekuwa na maiti! Hapo ndipo Koko aliponyoosha mkono kuelekea ukuta wa ziwa, na mimi nikakumbuka, na Papa akakumbuka, akajipiga paji la uso mpaka vumbi likaruka. Mama naye akatokea mbio kutoka sokoni, aliambiwa njiani kwamba kuna kilio Depo. Alipomwona mama yake amekaa kwenye unga na mumewe amesimama mbele yake mweupe kama chokaa, aliachia kapu, nyanya zikaenda zao.

Koko alijifunga upya kikwembe chake kiunoni, polepole. Alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Weye," alimwambia Papa. "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Yote?"

"Hata ile ya kichwa ngumu."

"Maneno ya kilio hayahesabiwe," Koko akasema. Akatazama jukwaa, ngoma, picha tulizochora ukutani, watoto wote na machozi yao. "Na kiapo changu kiko palepale. Nilisema muguu wangu hautakanyaga kwako. Hapa si kwako. Hapa ni kwa batoto."

Papa akaanza kucheka, akajaribu kuzuia, akashindwa. Koko akamtazama kwa ukali, mdomo wake ukatetemeka, naye akashindwa. Sijawahi kuona wanawake wanaotoka msibani wakicheka vile. Mama alikaa katikati yao juu ya ule ule mfuko wa unga, akilia na kucheka kwa wakati mmoja. Nilifurahi mpaka nikahisi njaa.

Bariyeri ingefungwa jua likizama, kwa hiyo onyesho la kesho lilifanyika siku ile ile. Rido ilikuwa bado inachuruzika maji ukutani, basi tukalipeleka onyesho kwenye rido. Tulicheza nje, nyasi chini, vikwembe vya mama zetu nyuma yetu, ziwa mbele yetu. Chakula cha msibani hakirudi kilikotoka, hiyo ni mila, kwa hiyo unga ukasongwa bugali, maharage yakapikwa, watu wa mtaa wakaja na sahani zao. Hata yule jirani alikuja, na baada ya sahani ya pili hakuuliza tena beko banafanya nini.

Zamu yangu ilipofika nilicheza nikimtazama Koko tu. Alikaa kiti cha mbele, mikono magotini. Halafu akainuka. Akainua mikono ile, ya mwanamke aliyelima na kukimbia na kujenga, akaingia kati yetu akacheza, kwa namna ya zamani, taratibu, kama maji. Mwalimu aliacha kupiga ngoma kwa kusahau. "Hm!" akasema, akaendelea.

Tulipomsindikiza, Koko alisimama ghafla njiani akashika kichwa. "Mulango! Niliacha mulango wazi!" Ile nyumba aliyoilinda miaka yote kama yai! Lakini kabla ya kukimbia alimgeukia Papa. "Sikia. Ile nyeusi imenidanganya leo, hainidanganyi tena. Mimi nikikufa, musiitundike. Mutundike ya njano. Na ni weye utatundika, Mukwe wangu, sababu ni weye unajua ngazi." Papa akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi ya pili njano ilitokea mapema kuliko siku zote. Wachuuzi waliovuka wakatuletea habari: hakuna kilichoibiwa. Majirani walidhani amefiwa, wakakaa mlangoni kumlindia. Kuku mmoja tu ndiye aliyeingia, akataga kitandani. Tangu hapo, kila onyesho la Depo, ikiwa bariyeri iko wazi, Koko alikuwa kiti cha mbele, na ndizi za Papa zililetwa kwa mkono wake mwenyewe.

Depo lilifungwa nilipokuwa sekondari. Waliokuwa wakisaidia chama waliacha, na jengo likapata mmiliki mpya. Mwalimu alirudi Bweyeye. Fundi amelala Kamembe, Mungu amrehemu, na pini zake. Maman Directrice alifumua rido mwenyewe, akamrudishia kila mama kikwembe chake. Mama alikikataa kile cheusi. Nadhani kiliishia kuwa nguo za majukwaani za watoto wa shule fulani. Siku hizi tuna simu, tunaonana uso kwa uso kwenye kioo, na asubuhi hakuna anayetazama ng'ambo. Ni vizuri, sisemi ni vibaya. Lakini napakumbuka, rafiki yangu, napakumbuka sana.

Mama peke yake ndiye hakuacha. Hata simu zilipokuja, yeye na Koko walitundika kila asubuhi. Koko alipoanza kuugua, Papa ndiye aliyevuka kwenda kumwuguza, maana alimtaka yeye, alisema Mama ana mikono baridi.

Nilimwuliza Mama siku hiyo, tukiwa na zile Fanta zetu chini ya misumari, alijuaje siku Koko alipotutoka. Nilidhani Papa alimpigia.

"Simu alikuwa nayo mufukoni," Mama akasema. "Hakupiga. Mimi nilitoka inje asubui, nikaona njano, nikasema aksanti Mungu, mama yangu ameamuka. Nikainama kuwasha babula. Kisha nikaangalia tena. Ile kofia nyekundu ilikuwa ingali juu ya ngazi."